Nyumba Iliyoligeuzia Kanisa Mgongo

Mimi si mwenyeji wa Ausserried, huku milimani. Nimeishi hapa miaka thelathini na mitatu tu, ishirini na sita kati ya hiyo nikifundisha hesabu, na kwa vipimo vya kijiji hiki hiyo bado ni ziara. Salome Perreten hunikumbusha jambo hilo kila ninapomwambia neno asilolipenda.

Salome ana miaka themanini na mitatu, hakuolewa, na ndiye mwenye Nyumba Kubwa. Ni nyumba ya mbao tupu juu ya msingi wa mawe: ghorofa tatu, madirisha ishirini na matatu upande wa mbele, na paa lililotokeza sana hata ng'ombe kumi na wawili husimama chini ya ukingo wake wakati wa mvua bila kulowa. Ng'ombe hao niliwahesabu mwenyewe. Chini ya madirisha ya ghorofa ya pili kuna maandishi ya rangi nyeusi na nyekundu, yasemayo kwamba nyumba hii ilisimamishwa mwaka 1791 na Christian Perreten na mkewe Madlena kwa msaada wa Mungu. Hakuna maandishi mazuri kuliko hayo bonde zima, na hakuna aliyekuwa akiyasoma isipokuwa kulungu. Uso wa nyumba ulitazama kaskazini, msituni. Kijiji, barabara, kanisa na jua viko kusini, na upande huo nyumba ilielekeza jiko, choo na ghala la viazi.

Sababu yake inajulikana kwa kila mtoto wa shule. Christian Perreten aligombana na mchungaji kuhusu benchi la mbele kanisani. Aliposhindwa, akaapa kwamba kanisa hilo halitauona uso wa nyumba yake mpaka mwisho wa dunia. Tangu hapo ukoo mzima unaitwa Watu wa Mgongo. Walioanza kuwaita hivyo walikusudia kuwadhihaki, lakini akina Perreten walilipokea jina kama cheo.

"Viazi vyetu vimeota jua miaka mia mbili na zaidi," Salome alipenda kusema, "na sisi tumekaa kivulini kwa heshima yetu. Nani mwingine hapa ana heshima ya namna hiyo?"

Majira ya kuchipua ya mwaka juzi serikali ya kijiji iliamua kupanua barabara ili basi lipite bila kusubiri. Mhandisi, Bi. Corinne Aebersold, mwanamke mpole mwenye viatu visivyofaa matope, alikuja na mchoro. Mstari mwekundu wa mchoro ulipita katikati ya jiko la Salome. Sheria ilikuwa wazi. Nyumba ya kihistoria inayosimama pale pale ilipojengwa huingia katika daraja la kwanza la urithi, na hapo hakuna wa kuigusa. Barabara itapita kwingine. Isiyothibitika hivyo inaweza kupunguzwa. Kwa Nyumba Kubwa kupunguzwa kulimaanisha kukata mita tatu za pembe ya kusini: jiko, na juu yake chumba anacholala Salome. Mkutano wa kijiji ungeamua Novemba.

Siku iliyofuata Salome alinijia na mfuko wa mapeasi.

"Mwalimu, wewe unajua kuandika vitu ambavyo watu hawawezi kuvipinga."

"Najua kuandika vitu vilivyothibitishwa, Mama Salome."

"Si ndiyo hayo hayo? Niandikie historia ya nyumba. Andika kwamba haijasogea hata upana wa kidole tangu Christian aliposimamisha ukuta wa kwanza. Nilizaliwa katika chumba kile, na nimeazimia kufia humo. Sitaki kufia nusu ya chumba."

Nilikubali. Nilimwambia pia kwamba nitaandika nitakachokikuta, si nitakachoagizwa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa kwamba maji huchemka.

Nilianza na umri wa mbao. Agosti walikuja watu wawili wa maabara na keekee nyembamba, wakatoboa magogo tisa ya ukuta na kutoa vijiti vyembamba kama penseli. Mti huongeza duru moja kila mwaka, na mfuatano wa duru nene na nyembamba hauwezi kughushiwa. Jibu lilikuja baada ya wiki tano: misonobari yote tisa ilikatwa kati ya vuli ya 1738 na majira ya kuchipua ya 1739.

Salome aliisoma barua hiyo mara mbili, kisha akatoka nje kumtafuta Benz Haldi.

Benz ni seremala, ana miaka sitini, na siku hizo alikuwa juu ya paa akibadilisha vigae vya mbao vilivyooza. Anatoka Schwandi, kijiji cha ng'ambo ya mto. Watu wa Schwandi wana nyumba ya mchungaji ya mwaka 1744, na kwa muda wote niliokaa bondeni sijawahi kukutana na mtu wa Schwandi akamaliza kikombe cha kahawa bila kuutaja mwaka huo.

"Benz mwanangu!" Salome aliita kutoka chini. "Ile nyumba ya mchungaji wenu ni ya mwaka gani vile?"

"Elfu moja mia saba arobaini na nne," akajibu Benz, misumari mdomoni. "Kongwe kuliko zote bondeni. Kwa nini?"

"Basi iambie iniamkie. Hii ya kwangu ni ya mwaka thelathini na tisa!"

Benz alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaitia mfukoni.

"Pale mbele pameandikwa tisini na moja, Mama Salome. Kwa herufi kubwa. Au babu yako alikuwa hajui kuhesabu?"

"Alikuwa mnyenyekevu."

"Perreten mnyenyekevu!" Benz alicheka hata akashika ngazi. "Mwalimu, hilo nalo liandike."

Sikuliandika. Kilichonisumbua ni tofauti ya miaka hamsini na miwili. Hakuna mtu anayekata miti mizuri kiasi kile akaiacha ikae nusu karne. Nikashuka mji wa wilaya kutazama daftari la ardhi. Kiwanja cha Nyumba Kubwa kimeandikwa humo mara nne katika karne ya kumi na nane, na mara zote nne neno ni moja: malisho. Mara ya mwisho ni Oktoba 1790. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na umri mkubwa kuliko mahali iliposimama, na jambo hilo kwa nyumba za huku lina maelezo ya namna moja tu. Wazee wa mabonde haya waliihesabu nyumba ya mbao kama mali ya kuhamishika, sawa na ng'ombe na kabati. Uliinunua, ukaifungua gogo kwa gogo, ukaipakia juu ya mikokoteni ya kuteleza wakati theluji imeganda, ukaisimamisha upya kwako.

Nilimwendea Salome jikoni. Alinisikiliza huku akikatakata vitunguu.

"Kwa hiyo ilitoka mahali," akasema.

"Inaelekea hivyo."

"Mahali gani?"

"Bado sijui."

"Basi wacha kutafuta. Miaka thelathini na mmoja uko hapa na bado hujajifunza pa kuachia."

Jibu lilikuwa nyuma ya mgongo wake. Benz alikuwa amebandua ubao wa ukuta wa jiko ili akague unyevu, na miisho ya magogo ilikuwa wazi. Katika kila mwisho palikuwa na alama za patasi: mstari mmoja, miwili, mitatu, kuhesabu kutoka chini kwenda juu. Kando ya kila hesabu palikuwa na msalaba mdogo. Alama hizo zilikata mbao iliyokwisha kuwa nyeusi kwa jua na moshi. Hazikuchongwa wakati nyumba inajengwa. Zilichongwa wakati inafunguliwa.

Benz aliupapasa msalaba kwa kidole gumba, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuwa na mzaha.

"Hii namna yetu," akasema. "Mafundi wa Schwandi huanza hivi. Ukuta wa upande wa kanisa unapewa msalaba. Wa upande wa mto mstari uliolala, wa msituni ncha tatu, ule wa nne hauandikwi kitu. Hata mimi nafanya hivyo."

"Kwa nini kanisa?" nikauliza.

"Kwa sababu mtu akipotea kwenye lundo la magogo, kanisa ndilo kitu pekee kisichobebwa."

Salome aliweka kisu chini. "Benz Haldi, rudi juu ya paa."

"Narudi, narudi. Ila nikipigilia sasa nitapigilia kwa upendo zaidi, maana kumbe ni nyumba ya kwetu."

Katika sanduku la kanisa la Schwandi, chini ya vyeti vya ubatizo, nilipata karatasi ya Desemba 1790. Ukoo wa Hauswirth uliokuwa ukihamia uwandani unamwuzia Christian Perreten wa Ausserried nyumba yake kubwa. Mafundi wa Schwandi wataifungua na kuitia alama "kama ilivyo desturi". Mafundi wa Ausserried wataipokea mtoni na kuisimamisha. Mikokoteni mia moja arobaini na mitatu. Mnunuzi mwenyewe hatakuwepo, kwa kuwa ana jibini la kupeleka ng'ambo ya mlima na hatarudi kabla ya Mei.

Nilisimama nje ya kanisa hilo nikatazama. Kiwanja cha Hauswirth kipo mpaka leo, ni bustani ya kabichi. Kanisa la Schwandi liko kaskazini yake. Ukuta wenye msalaba ulikuwa ukuta wa nyuma, na uso wa nyumba ulitazama jua, kama nyumba yoyote yenye akili. Kisha magogo yakavuka mto. Mafundi wa Ausserried wakaona misalaba, wakajua maana yake, wakainua macho wakaliona kanisa lao. Lilikuwa kusini. Wakauweka ukuta wa msalaba kusini, kwa uaminifu kamili, pamoja na jiko, choo na ghala la viazi.

Alichosema Christian Perreten aliporudi Mei hakikuandikwa popote. Ninachojua ni kwamba habari ya ugomvi wa benchi inatajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1812, na msimulizi wake ni Christian Perreten.

Nilimsomea Salome taarifa yote, kurasa kumi na nne, sebuleni kwake, taa ikiwaka saa nane mchana kwa sababu sebule hiyo haijawahi kuona jua.

"Ugomvi wa benchi," akasema. "Aliutunga?"

"Siwezi kuthibitisha kwamba aliutunga. Naweza kuthibitisha kwamba hakuna mwingine aliyewahi kuusikia kabla yake."

"Na Schwandi. Nimelala miaka themanini na mmoja ndani ya Schwandi." Akaitazama dari. "Ukurasa wa tisa hadi wa kumi na mbili, mwalimu. Ukizitoa hizo, nani ataumia?"

"Hakuna atakayeumia."

"Basi?"

"Naweza kutoiwasilisha taarifa, Mama Salome. Ni yako, uliiagiza wewe. Ichome ukipenda. Ila siwezi kuiwasilisha ikiwa pungufu."

"Nisipoiwasilisha sina ushahidi, wanakata jiko. Nikiiwasilisha nina ushahidi, wanakata jiko." Alikunja mikono. "Umenifanyia kazi safi sana. Mapeasi yalikuwa matamu?"

"Yalikuwa mazuri."

"Ningekuletea mabichi."

Aliniambia nimwachie taarifa. Siku iliyofuata nilimwona uwanjani na Benz, anaonyesha kwa fimbo, Benz anapima kwa hatua. Sikuelewa wanapima nini, na hakuna aliyeniita. Jumatatu taarifa ilifika kwa serikali ya kijiji, kurasa zote kumi na nne.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa michezo wa shule, chini ya kamba za kukwea. Bi. Aebersold alisoma ukurasa wa tisa hadi wa kumi na mbili kwa sauti ya upole na hakuruka neno. Alipofika kwenye bustani ya kabichi watu walianza kucheka. Alipofika kwenye mwaka 1812 walishindwa kukaa.

"Watu wa Mgongo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Hata mgongo wenyewe si wenu! Ni wa Schwandi!"

"Kwa masikitiko," akamalizia Bi. Aebersold, "nyumba haisimami mahali ilipojengwa. Daraja la kwanza haliwezekani. Mita tatu zinaweza kukatwa."

Salome alinyanyuka. Hakwenda mbele, alisimama pale pale alipokuwa amekaa na kungoja, kama walimu wanavyongoja.

"Mmemaliza? Haya. Kwanza, taarifa imesomwa vizuri lakini imesikilizwa vibaya. Mafundi wa Schwandi walitia alama sawasawa. Waliosimamisha nyumba kinyumenyume ni mafundi wa Ausserried. Majina yao yako ukurasa wa kumi na moja. Mwalimu, yasome."

Nilisoma majina sita. Koo tano kati ya hizo zilikuwa ukumbini, mbili katika safu ya mbele. Kicheko kikabadilisha upande.

"Watu sita wazima," Salome akaendelea, "miezi minne, na hakuna aliyejiuliza kwa nini ghala la viazi linatazama kusini. Lakini sijaja kudai kisasi. Binti yangu," akamgeukia mhandisi, "wewe unataka mita tatu. Mimi nakupa tisa."

Bi. Aebersold alitafuta ukurasa ambao haukuwepo. "Tisa?"

"Ukanda mzima. Nyumba iliyobebwa mara moja inaweza kubebwa mara mbili. Upande wa msituni kuna malisho ya kijiji, mteremko ambao hata mbuzi wanaulalamikia. Nipeni hayo, mniwekee msingi, nami naondoka barabarani na jiko langu, choo changu na chumba changu. Ila hakikatwi hata kipande. Na safari hii inatazama ninakotaka mimi."

"Yaani inatazama kanisa?" akauliza mwenyekiti.

"Inatazama jua. Kanisa likiwa njiani, nitalivumilia."

"Na kiapo cha babu yako je? Mpaka mwisho wa dunia?"

"Kiapo cha kusingizia hakimfungi mtu. Muulize mchungaji, yuko pale, anajifanya hasikii."

Mwenyekiti alimgeukia Benz, ambaye kama mtu wa Schwandi hana kura kwetu na alikuwa amesimama mlangoni. "Fundi, inawezekana?"

"Alama zote zipo na zinasomeka," akasema Benz. "Nipe viangazi viwili."

"Kimoja," akasema Salome.

"Mama Salome, ni magogo mia nne na kumi."

"Babu zako walifanya katika baridi moja."

"Babu zangu walifungua tu. Waliofunga ni babu za hawa, na tumeona."

"Kimoja na nusu, basi, na usiniharibie dari."

Kura za ndiyo zilikuwa mia moja na kumi na mbili, za hapana tisa. Niliandika matokeo kwenye daftari. Sikuwa na maoni, ila nilimpelekea Salome mfuko wa tufaha, naye akauliza kama nazo zimethibitishwa.

Kwa kuwa hakuweza kuishi ndani ya lundo la magogo, alihamia kwa Benz na mkewe, huko Schwandi, miezi kumi na sita. Nilimtembelea kila Alhamisi. Alilalamikia kahawa yao kuwa nzuri mno, kitanda kuwa laini mno, na majirani kuwataja watu wa 1744 kila asubuhi kana kwamba walikufa jana. Mchana alishuka kwa basi hadi uwanjani, akakaa kwenye kiti cha kukunja, fimbo mkononi. Benz alitia alama kwa vibati vya chuma vyenye namba. Kwa ukuta wa zamani wa nyuma, mahali pa msalaba, Salome alimtaka aandike neno zima, MSITU, kwenye kila gogo.

"Mafundi wangu wanajua kusoma ramani," Benz alisema.

"Wale nao walijua. Andika."

Akaandika. Gogo la mwisho lilipanda Septemba iliyopita. Idara ya urithi iliiweka nyumba katika daraja la pili, yenye maelezo kwamba imehamishwa mara mbili. Niliwaandikia kusahihisha tarehe moja.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumwona Salome. Uso wote wa nyumba ulikuwa ndani ya jua, herufi nyeusi na nyekundu zikisomeka kutoka kituo cha basi. Alikuwa sebuleni, dirisha la katikati, kiti kimesogezwa hadi kwenye kioo. Chumba kilikuwa na mwanga mkali hata nikaona kwa mara ya kwanza kwamba kuta zake zina michoro ya maua.

"Panaunguza," akasema. "Zulia litachujuka. Sikuwahi kujua kwamba jua lina usumbufu kiasi hiki. Kaa, mwalimu, usinizibie."

Nilikaa kando. Kutoka pale kijiji chote kilikuwa chini yetu, nyuma za nyumba na mbele zake, bustani, kamba za nguo, baraza.

"Mke wa mwenyekiti anapika chakula cha mchana saa nne na nusu," akasema Salome bila kugeuka. "Mchungaji anafanya mazoezi ya viungo nyuma ya kanisa, masikini, hana mizani kabisa. Na wale wa duka la mikate wamenuniana tangu Jumapili. Anatoka mmoja, anaingia mwingine." Akainamia kioo. "Wewe nawe, mwalimu. Mtu wa usahihi kama wewe. Jana uliiendea bustani ukiwa umevaa nguo ya kulalia na kofia."

"Kulikuwa na baridi."

"Sikulaumu. Nasema nilichokikuta."

Niliaga mapema. Njiani nilipitia dukani kutafuta kitambaa kizito cha mapazia. Muuzaji aliniomba radhi: kilikuwa kimekwisha tangu Jumanne, na kulikuwa na watu kumi na wanne mbele yangu kwenye orodha.